Namba ya nyanya umeitoa wapi?

Uzi mfupi kwa mnaobishana kuhusu simu za kampeni zinazojipiga zenyewe.

Kampeni za 2022, nyanya yangu alipigiwa simu nyumbani, Kibokoni, Mji wa Kale. Sauti ikasalimu. Akaitika, akauliza hali, akauliza ni nani mwenzangu. Sauti ikaendelea tu kuomba kura. "Huyu hana adabu," akasema, akakata. Kumbe ilikuwa imerekodiwa.

Wengi mwasema Kenya haina sheria ya mambo haya. Iko, tangu 2010. Kanuni za kuwalinda wateja wa mawasiliano zilisema mitambo inayopiga simu bila mtu, na SMS pia, itumike kutangaza biashara kwa aliyekubali kabla tu. Shida ni hilo neno biashara. Mgombea atakwambia yeye hauzi sabuni (hata kama twaona hivyo).

Siasa ilipata masharti yake kwa sababu ya hofu. Katika ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,000, SMS za chuki zilisambaa sana. Ndiyo maana kabla ya uchaguzi wa 2013 ukatoka mwongozo wa SMS za siasa zinazotumwa kwa wingi, na 2017 mwingine: ujumbe ufike kwa kampuni ya simu saa 48 kabla, ukaguliwe. Kwa hofu ile, sawa kabisa. Lakini swali lilikuwa "ujumbe wasema nini?", na "namba imetoka wapi?" likabaki nyuma.

Hilo la pili lina nguvu tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyojengwa juu ya Kifungu cha 31 cha Katiba. Data uliyoitoa kwa jambo moja haichukuliwi kufanyia jingine kiholela, na una haki ya kupinga. Mwakumbuka Juni 2021, watu walipojikuta wamesajiliwa vyama wasivyovijua? Malalamiko yalipelekwa kwa Kamishna wa Data.

Na mnaosema tuige Marekani: orodha yao ya wasiotaka kupigiwa, ya 2003, imeziacha nje simu za siasa.

Nilimuuliza nyanya namba yake ameiandika wapi. Kwa wakala wa pesa, zahanati, kwa mlinzi wa geti mjini. "Kila mlango wataka namba siku hizi, mwanangu."

Akija mgombea barazani kwenu, kabla hamjamuuliza barabara, muulizeni orodha yake ya namba alipewa na nani.