Hesabu ya Mauaji ya Umati na Jinai za Chuki katika Marekani

Mwenye kutafuta habari za jinai za chuki katika Marekani hukutana kwanza na hesabu, na hesabu hizo hazipatani. Daftari za chuo cha Tuskegee, katika jimbo la Alabama, zaonyesha watu 4,743 waliouawa na umati tangu 1882 hata 1968, na katika hao 3,446 ni watu weusi. Kitabu kilichotolewa mwaka 1919 na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, chataja watu 3,224 kwa miaka 30 tu, tangu 1889 hata 1918. Watafiti wa Montgomery waliotoa taarifa yao mwaka 2015 walipata watu weusi 3,959 katika majimbo 12 ya Kusini, kati ya 1877 na 1950, nao walisema ya kuwa mamia kadha katika hao hawakuwamo katika hesabu zilizotangulia. Si kwamba watu hawa hawakujua kujumlisha. Kila daftari lilifunguliwa na mkono wake, likafuata mipaka yake na tafsiri yake ya neno moja. Tafsiri hiyo, na watu walioishika, ndiyo habari ya makala haya.

Neno lenyewe la Kiingereza husemwa limetoka katika jina la mtu mmoja, Lynch, wa Virginia. Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo, nasi hapa tutasema mauaji ya umati, maana yake mtu kuuawa na kundi lililojitwalia madaraka ya hakimu. Walakini lugha yetu ina msemo mmoja unaofaa kuangaliwa. Magazeti ya Afrika Mashariki yakieleza habari ya mwizi aliyepigwa hata akafa, husema ameuawa na “wananchi wenye hasira kali”. Hasira imetajwa, na uraia umetajwa, mwuaji hakutajwa. Wachunguzi wa vifo katika majimbo ya Kusini ya Marekani walikuwa na msemo wao wa namna hiyo hiyo. Waliandika kwamba marehemu amekufa kwa mikono ya watu wasiojulikana, hata pale ambapo wauaji walikuwa wamepigwa picha nyuso wazi, na picha zikauzwa kama kadi za posta. Basi kumbukumbu za serikali zilikuwapo. Ila ziliandikwa ili lisijulikane jambo.

Daftari la kwanza la kutegemewa lilikuwa la gazeti. Chicago Tribune lilikusanya orodha za mauaji haya mwaka kwa mwaka, kuanzia mwaka 1882, pamoja na sababu iliyodaiwa. Aliyeziona thamani yake kuliko wote ni Ida B. Wells, mwanamke aliyezaliwa utumwani Mississippi mwaka 1862, akawa mwandishi wa gazeti katika mji wa Memphis. Mwezi wa Machi 1892 rafiki zake watatu, wenye duka lililokuwa likishindana na duka la mzungu, walitolewa gerezani wakauawa. Wells aliandika, na baada ya miezi michache ofisi ya gazeti lake ikavunjwa, naye mwenyewe akatishwa asirudi mjini. Katika kitabu chake cha mwaka 1895, *A Red Record*, alizitwaa orodha za Tribune kama zilivyo. Hakutaka mtu aseme kwamba mwanamke mweusi amebuni. Alitaka wazungu wahukumiwe kwa ushahidi wa wazungu wenzao. Kisha akasoma fungu ambalo wengine walilipita haraka, fungu la sababu. Kusini ilikuwa ikidai kwamba umati huua ili kulinda heshima ya wanawake wa kizungu. Orodha zilionyesha kwamba hata tuhuma yenyewe ya kunajisi ilitajwa katika theluthi moja hivi ya mauaji, wala si zaidi. Waliobaki waliuawa kwa tuhuma za kila aina, kwa ujuvi wa maneno, kwa kupiga mke, na wengine bila ya kosa lolote kuandikwa. Hoja nyingi zilizotumiwa baadaye juu ya jambo hili zimetoka katika kusoma huko.

Kazi hiyo ikapata makao Tuskegee. Monroe Work alifika huko mwaka 1908 kuanzisha idara ya kumbukumbu, akawa akikata habari katika magazeti, akizilinganisha, na kuwapelekea wahariri wa nchi nzima hesabu ya mwaka. Maandishi yake ni baridi kama ya karani wa bohari, na msomaji wa leo aweza kukasirika nayo. Mimi naona baridi ile ilikuwa ni busara, kwani magazeti ya wazungu wa Kusini ambayo yasingechapa hotuba ya mtu mweusi yalichapa tarakimu zake. Lakini daftari lake lilikuwa na mafungu mawili tu, weupe na weusi. Wamexico na Wachina waliingizwa katika weupe, pamoja na Waitaliani 11 waliouawa New Orleans mwaka 1891. Na kwa kuwa hesabu yaanzia 1882, Wachina waliouawa na umati katika Los Angeles mwaka 1871 hawamo kabisa.

Ugomvi wa maana ulifika mwaka 1940. Jessie Daniel Ames, aliyeongoza chama cha wanawake wa kizungu wa Kusini wenye kupinga mauaji haya, alitangaza kwamba miezi 12 imepita bila ya hata moja. NAACP wakakataa. Wao waliona kwamba makundi makubwa yamepungua kwa sababu kazi imehamia kwa watu wachache, usiku, wakati mwingine mbele ya polisi walionyamaza. Na kwamba kusema yamekwisha ni kuipa Seneti udhuru wa kutotunga sheria. Mwezi wa Desemba wa mwaka huo wakakutana Tuskegee kutafuta maana moja. Walikubaliana masharti haya: kuwe na ushahidi wa kisheria kwamba mtu ameuawa; awe ameuawa kinyume cha sheria; kundi liwe limeshiriki; na kundi hilo liwe limejidai kutumikia haki, au kabila, au mila. Mapatano hayo hayakumaliza ugomvi, wala yasingeweza. Sharti la nne lataka kujua mwuaji alijidai nini, na maiti aliyeokotwa mtoni hasemi.

Tuskegee ilipoona mwaka 1952 umepita bila ya mauaji ya umati, na 1953 vivyo hivyo, ilitangaza kwamba hesabu hiyo haifai tena kuwa kipimo cha hali ya watu weusi, ikaacha taarifa za kila mwaka. Mwezi wa Agosti 1955 Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa huko Mississippi. Mwaka 1963 wasichana wanne waliuawa kwa bomu kanisani Birmingham. Chuki ilikuwa ile ile, lakini jina la zamani lilikuwa fupi kwao kama kanzu ya mtoto.

Serikali kuu yenyewe ilifanya nini? Mwaka 1900 George Henry White, mtu mweusi peke yake katika Kongresi wakati huo, alileta mswada, ukafia humo. Mswada wa Leonidas Dyer ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1922, wakauzuia Maseneta wa Kusini kwa kusema bila ya kumaliza. Seneti ilipoomba radhi mwaka 2005 ilikiri yenyewe kwamba miswada karibu 200 ililetwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, ilikuwa ikikusanya hesabu za jinai tangu 1930, lakini jinai hii haikuwa na fungu lake.

Fungu hilo lilifunguliwa tarehe 23 Aprili 1990, Rais George H. W. Bush alipotia sahihi sheria ya kuhesabu jinai za chuki. Hapa tena waliodhulumiwa walikuwa wametangulia: shirika la Kiyahudi la Anti-Defamation League lilikuwa likitoa hesabu ya matendo ya chuki juu ya Wayahudi tangu 1979. Msemo wetu “jinai ya chuki” waweza kupotosha. Chuki katika Kiswahili ni jambo la moyo, na mtu aweza kumchukia jirani yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Sheria ile haiulizi moyo. Yatafuta dalili kwamba aliyedhulumiwa alichaguliwa kwa rangi yake, dini yake, asili yake, au mwelekeo wake wa mapenzi. Ulemavu uliongezwa mwaka 1994. Ubaguzi ungekuwa neno la karibu zaidi, lakini “chuki” imekwisha kushika njia.

Ila sheria haikuwalazimisha polisi wa majimbo na miji kupeleka habari. Kati ya 2004 na 2015 FBI ilipata matukio baina ya 5,000 na 8,000 hivi kwa mwaka. Idara nyingine ya serikali hiyo hiyo, iliyowauliza watu nyumbani kwao, ilikadiria madhulumu 250,000 kwa mwaka, na zaidi ya nusu hayakufikishwa polisi. Polisi wengi sana walioleta taarifa walileta sifuri, na sifuri haisemi kama hakukutokea kitu au hakukuandikwa kitu. Khalid Jabara aliuawa na jirani yake Tulsa mwaka 2016, na Heather Heyer aligongwa kwa gari Charlottesville mwaka 2017. Mahakama ziliwahukumu wauaji na nchi nzima ilisikia, lakini vifo hivyo viwili havikuingia katika hesabu ya FBI. Sheria ya mwaka 2021 ya kusaidia polisi kuandika vizuri zaidi imepewa majina yao. Kwa mwaka huo huo FBI ilitangaza kwanza matukio 7,262, kwani ilikuwa imebadili namna ya kupokea habari na polisi wa New York na Los Angeles hawakuwamo. Ilipotafuta yaliyokosekana ikatangaza 10,840.

Tarehe 29 Machi 2022 Rais Biden alitia sahihi sheria yenye jina la Emmett Till, miaka 100 baada ya mswada wa Dyer kupita katika Baraza la Wawakilishi. Mwanafunzi wa lugha aisome kwa makini. Katika sheria hiyo mauaji ya umati hayakupewa maana yake peke yake. Yameelezwa kuwa ni njama ya kutenda jinai ya chuki inayoleta kifo au majeraha mabaya. Masharti ya mwaka 1940 hayakutiwa humo, wala umati hautajwi: watu wawili wakipatana, yatosha.