Bei ya Kutoonekana

Ndege ya vita haijapata kuundwa pasipo mapatano ya mambo yasiyopatana. Atakaye mwendo hupunguza mzigo. Atakaye mzigo hurefusha bawa. Atakaye safari ndefu hubeba mafuta mengi, na mafuta hayo ni uzito, na uzito huomba mafuta mengine. Wahenga walisema ya kuwa mshika mawili moja humponyoka, na fundi wa ndege hushika matano au sita kwa mkono mmoja. Tangu Vita Kuu ya Pili mafundi walikwisha zoea mashindano ya mwendo, kimo, mzigo, masafa na wepesi wa kugeuka. Katika miaka ya 1970 aliingia mshindani mgeni, naye alidai zaidi ya wote waliomtangulia. Mgeni huyo alikuwa ni kutoonekana kwa rada.

Haja yake ilizaliwa vitani. Katika anga ya Vietnam, na tena katika vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, makombora yaliyoundwa katika Muungano wa Kisovieti, yakiongozwa na rada, yaliangusha ndege nyingi zilizokuwa bora kwa mwendo na kwa silaha. Rada hutoa mawimbi, kisha hungoja mwangwi wake. Chombo kinachorudisha mwangwi mkubwa huonekana mbali, na kinachorudisha mdogo huonekana karibu. Lakini hesabu ya jambo hili ni ngumu kwa mwenye kujificha. Akitaka umbali wa kuonekana upungue uwe nusu, sharti apunguze mwangwi mara 16; akitaka uwe sehemu moja ya kumi, sharti aupunguze mara 10,000. Kwa hiyo kujificha nusunusu hakuna faida kubwa. Kupaka rangi ya kufyonza mawimbi juu ya ndege ya kale hakukutosha. Ilibidi umbo lote la ndege litii amri moja, na matakwa mengine yote yasimame nyuma yake.

Ufunguo wa umbo hilo ulitoka mahali pasipotazamiwa. Katika mwaka wa 1962 mwanafizikia Pyotr Ufimtsev alichapisha kitabu mjini Moscow juu ya namna mawimbi yanavyotawanyika yanapokutana na kingo za vitu. Hakikufichwa, maana katika nchi yake hakikudhaniwa kuwa na siri ya vita. Jeshi la Anga la Marekani lilikifasiri katika mwaka wa 1971, na baadaye kikaangukia mikononi mwa Denys Overholser, mtaalamu wa hesabu katika kampuni ya Lockheed huko California. Overholser aliona ya kuwa hesabu za Ufimtsev zingeweza kutabiri mwangwi wa ndege kabla ya ndege yenyewe kuundwa. Walakini kompyuta za siku zile hazikuweza kuhesabu sura za mviringo. Ziliweza pande bapa tu. Basi ndege ikachorwa kwa pande bapa, kama jiwe lililochongwa. Mabingwa wa upepo na mabawa waliucheka mchoro ule, wakauita Almasi Isiyo na Tumaini.

Kicheko chao hakikuwa cha ujinga. Hewa hupenda mviringo, nayo huchukia pembe. Ndege ya majaribio, Have Blue, iliruka mara ya kwanza katika Desemba 1977, na haikuweza kutulia hewani kwa nguvu zake yenyewe; kompyuta ndizo zilizoirekebisha kila wakati ili rubani aweze kuiongoza. Ziliundwa mbili tu, na zote mbili zilianguka, moja katika mwaka wa 1978 na nyingine katika mwaka wa 1979. Marubani waliokoka. Hata hivyo jambo lililotafutwa lilikuwa limekwisha patikana: rada zilizoitafuta ndege hiyo zilipata tabu kuiona.

Mtoto wa majaribio hayo ni F-117, iliyoruka kwanza tarehe 18 Juni 1981. Orodha ya iliyonyimwa ni ndefu kuliko ya iliyopewa. Haikuweza kuushinda mwendo wa sauti. Haikuwa na bunduki. Haikuwa na rada yake yenyewe, maana atoaye mawimbi hujitangaza. Midomo ya injini zake ilizibwa kwa nyavu ili mawimbi yasiingie yakagonga mapanga yaliyomo ndani, na moshi wake ulipitishwa katika matundu mapana na membamba ili joto lipungue. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa mabomu mawili. Ilifichwa katika jangwa la Nevada, ikaruka usiku, na ulimwengu haukuambiwa habari zake mpaka Novemba 1988. Katika vita vya mwaka wa 1991 ilipenya hadi Baghdad na kurudi salama. Lakini tarehe 27 Machi 1999, katika anga ya Serbia, mmoja wa ndege hizo aliangushwa kwa kombora la S-125, silaha iliyoanza kutumika katika mwanzo wa miaka ya 1960. Askari wa Serbia walikuwa na rada ya kale ya mawimbi marefu, na mawimbi marefu hayajali sana umbo lililochongwa kwa ajili ya kuyahadaa mawimbi mafupi. Rubani aliokolewa, ila dhana ya kuwa ndege ile haionekani kamwe haikuokoka.

Habari ya ndege kubwa ya mabomu ina mizizi mirefu zaidi. Jack Northrop aliamini tangu ujana wake ya kuwa ndege iliyo kamili ni bawa tupu, isiyo na kiwiliwili wala mkia, kwa kuwa kila kiungo kisichoinua ni mzigo kwa kinachoinua. XB-35 yake iliruka katika mwaka wa 1946, na YB-49, yenye injini za jeti, ikaruka katika mwaka wa 1947. Bei ya wazo hilo ilikuwa utulivu, maana mkia ndio unaoinyosha ndege. Tarehe 5 Juni 1948 YB-49 moja ilivunjika hewani, watu watano wakafa. Mmoja wao, Kapteni Glen Edwards, alipewa heshima ya jina lake kuitwa kituo cha anga cha jangwa lile. Baadaye mpango ulifutwa, na ndege zikakatwa vyuma chakavu.

Miaka 30 ikapita, na kasoro na fadhila zikabadilishana viti. Rada ilipokuwa adui mkuu, bawa lisilo na mkia likawa ndilo umbo lenye mwangwi mdogo. Na utulivu ambao fundi wa mwaka wa 1947 hakuweza kuupata, kompyuta sasa ziliweza kuuleta. Katika mwaka wa 1980 Northrop, mzee na mgonjwa, aliruhusiwa kuonyeshwa mfano wa ndege iliyokuwa bado siri. Alifariki katika Februari 1981, kabla mkataba haujatiwa saini. B-2 iliruka tarehe 17 Julai 1989, na upana wa mabawa yake, mita 52.4, ni ule ule wa ndege za Northrop.

Nayo ililipa bei yake. Kazi ikiwa imekwisha anza, jeshi lilitaka B-2 iweze kupita chini pia, karibu na ardhi, iwapo siku moja rada zingeizuia juu. Hewa ya chini ni nzito na yenye mishtuko. Bawa likachorwa upya, na ukingo wake wa nyuma ukaongezwa meno. Uzito ukazidi, fedha zikazidi, miaka ikapita. Wakati ndege ilipokuwa tayari, adui aliyekusudiwa alikuwa amesambaratika. Zilizotakiwa zilikuwa 132. Zilizoundwa ni 21, kila moja, pamoja na gharama za uchunguzi, ikiwa kwa dola zipatazo milioni 2,000. Ngozi yake hutaka mabanda yenye hewa iliyopimwa. Katika Februari 2008, kisiwani Guam, unyevu ulioingia katika vipimo vya hewa uliidanganya kompyuta, na ndege ikaanguka ilipokuwa ikipaa. Marubani wawili walijirusha nje wakapona.

Ndege ya kupigana hewani ilikuwa na shida nyingine, kwa kuwa haikuweza kuacha mwendo wala wepesi. Katika mwaka wa 1990 zilishindanishwa YF-22 na YF-23. Ya pili ilielekea zaidi kwenye mwendo na kujificha. Ya kwanza ilikuwa na matundu ya injini yanayogeuza msukumo, ikapinda kwa wepesi zaidi. Tarehe 23 Aprili 1991 YF-22 ilichaguliwa. Iliyotokana nayo, F-22, huficha silaha zake tumboni, na tumbo lina mpaka. Hapo mwanzo zilifikiriwa 750. Zilizoingia kazini ni 187. F-35 iliyofuata, iliyoruka kwanza katika Desemba 2006, ilitakiwa itumikie majeshi matatu. Ile ya kutua wima ina feni kubwa nyuma ya rubani, na nafasi iliyochukuliwa na feni haiwezi kuchukuliwa na mafuta. Ikitaka kubeba silaha zaidi huzitundika nje, na hapo hurudi kuonekana.

Hivyo bei ya kujificha haikulipwa kwa mwendo na mzigo peke yake. Ililipwa kwa idadi. Silaha iliyo ghali mno huwa chache, na iliyo chache huogopwa kupotezwa hata na mwenyewe. Kwa upande wa pili, siri haikudumu mahali ilipofichwa. Ufimtsev mwenyewe alihamia Marekani katika mwaka wa 1990, akafundisha katika nchi iliyojenga juu ya kitabu chake. Jeshi lilificha ndege jangwani miaka mingi, ilhali elimu iliyoizaa ilikuwa imechapishwa wazi, mbele ya kila mwenye macho ya kusoma.