Kutoka Mafiga hadi Stovu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya historia ya kambi za vijana mlimani. Nimechagua jiko, maana ndilo lililobadilika kuliko vyote.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Miaka 3 baadaye, huko Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza stovu ya pampu, itumiayo mafuta ya taa pasipo masizi. Mwaka 1911 Amundsen alikwenda nayo hadi Ncha ya Kusini. Kwetu Rombo ilichelewa. Sisi wa zamani tulipopiga kambi tulikoka kuni kwenye mafiga kama mama zetu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa 1973, ikafunguliwa 1977, na siku hizi kuni ni marufuku humo. Wapishi hubeba mitungi ya gesi.

Msitu umepona, lakini kijana aliyelelewa na mafiga hajui tabia ya stovu. Kuni hukuonya kwa moshi. Stovu hainyanyui hata kidole. Isitoshe, hapa Mkuu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kule Kibo, karibu mita 4,700, nyuzi 85 tu. Maharage hukaa jikoni mpaka watu wakate tamaa. Ndipo mwenye njaa huzidisha pampu kabla kichwa cha stovu hakijapata moto, mafuta yakaruka mabichi na kulipuka mwali. Mwingine huongeza mafuta stovu ingali ya moto. Wa tatu, kwa baridi, huiingiza hemani, ambamo hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, huua bila harufu.

Nilipoongoza vijana, maharage tuliyaacha nyumbani. Tulipika wali na dagaa. Stovu ilikaa nje, juu ya jiwe bapa lililofagiliwa nyasi. Mpishi mmoja, wengine hatua tano nyuma. Mafuta yaliongezwa ikiisha kupoa. Walininung'unikia sana, hasa kidato cha tatu, lakini hakuna aliyeungua.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, baina ya Mandara na Horombo. Taarifa ya awali ya TANAPA ilisema wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni. Uliteketeza vichaka kwa siku nyingi, na miongoni mwa mamia waliopanda kuuzima walikuwamo wanafunzi.