Kufufua Saa ya Umeme

Wazee wetu walitazama jua. Sisi twatazama ukutani. Mwaka 1916, Henry Warren wa Ashland, Massachusetts, Marekani, alifunga saa kuu katika kituo cha umeme cha Boston ili mapigo ya mkondo yasawazishwe. Saa zake za ukutani hazikuwa na kamani wala hazikutiwa ufunguo. Mota yake ilifuata mapigo hayo, 60 kwa sekunde.

Afufuaye saa ya namna hiyo na aanze na nyaya, kwani mpira wake ukizeeka hupasuka na kuleta hatari. Kisha ayaangalie magurudumu yaliyofungiwa kikoponi pamoja na mafuta. Mafuta yakikauka, saa hunguruma, hatimaye husimama.

Kwetu mapigo ni 50. Hata ikipatiwa transfoma ya kupunguza nguvu, saa hiyo huchelewa dakika 10 kila saa. Ndiyo maana wengine huung'oa mtambo wake na kutia wa betri. Sisi hatuafiki. Pamoja na mtambo huo hupotea kile kitundu cha usoni, ambacho katika baadhi ya saa hizo hugeuka kuwa chekundu umeme ukikatika, kumwonya mtazamaji asiziamini akrabu. Heri saa ichelewayo na kukiri, kuliko sura tupu yenye moyo wa kuazima.