Meno Kama Shahidi wa Umri wa Mtoto

Mtoto ambaye siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa, umri wake utajulikanaje? Wengi wetu hutazama kimo, kifua na sauti, kisha hukata shauri. Twataka kuonyesha kwa habari za zamani kwamba mwili huweza kudanganya, na kwamba meno ni shahidi bora zaidi, ingawa nayo si shahidi mkamilifu.

Katika mwaka wa 1833 Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuwalinda watoto waliofanya kazi katika viwanda vya nguo. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 9 alikatazwa kazi hiyo, isipokuwa katika viwanda vya hariri. Wa miaka 9 hata 13 asizidishe saa 9 kwa siku. Na wa miaka 13 hata 18 asizidishe saa 12. Sheria ilikuwa njema, walakini nani angejua umri wao? Wakati ule serikali ilikuwa haijaanza kuandika vizazi. Zilikuwapo daftari za ubatizo tu, na watoto wengi hawakuonekana humo. Wazazi maskini walihitaji ujira wa mtoto, wakamwongezea miaka. Tabibu naye alitazama kimo na umbo, akatoa cheti. Basi mtoto mrefu aliweza kupelekwa mashineni kabla ya wakati wake.

Mwaka wa 1837 tabibu wa meno wa London, jina lake Edwin Saunders, aliandika kijitabu kwa wajumbe wa Bunge. Alikuwa amepima vinywa vya watoto zaidi ya 1,000, wa miaka 9 na wa miaka 13, akaona ya kuwa meno huonyesha umri vizuri kuliko kimo. Sababu yake ni hii. Meno ya ukubwani huanza kufanyika ndani ya taya zamani sana kabla ya kuonekana. Gego la kwanza huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni. Gego la pili huota kadiri ya miaka 12. Na la mwisho huchelewa hata miaka 17 au zaidi. Njaa na maradhi hudumaza kimo sana, bali meno huyachelewesha kidogo tu.

Sasa tutazame habari ya kubalehe. Wakati huo mifupa hukua kwa haraka, na taya la chini hurefuka pamoja nayo. Wasichana huwatangulia wavulana kwa miaka miwili hivi. Akibalehe mtoto mapema mno, yaani msichana kabla ya miaka 8 au mvulana kabla ya miaka 9, mifupa yake hukomaa kupita umri wake, na taya hukua mapema. Lakini meno hufuata zaidi mwendo wake yenyewe. Kwa hiyo utaona mtoto mwenye mwili wa miaka 12, na kinywani meno ya miaka 8. Mtoto huyo huwapita wenzake kwa urefu, kisha mifupa hukoma kukua mapema, naye asipotibiwa huenda akawa mfupi ukubwani. Yafaa apelekwe kwa daktari. Na tabibu anyoshaye meno hutaka kujua kama mtoto amebalehe, maana taya la chini lililobaki nyuma husaidiwa vema lingali likikua upesi. Wakati huo ukipita, kazi huwa ngumu.

Tena, wakati wa kubalehe umebadilika. Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, karne ya 19, wasichana wengi walivunja ungo wapata miaka 15 au 16. Kufika katikati ya karne ya 20, kwa chakula bora na kupungua kwa maradhi, wengi walikuwa wa miaka 13 hivi. Meno hayakusogea kwa kadiri ile.

Lakini meno nayo yana mipaka. Watoto wa Kiafrika huota meno ya ukubwani mapema kidogo kuliko wa Ulaya, na hata ndugu wa tumbo moja hupitana. Yatupa makadirio, hayatupi tarehe.

Basi mafundisho ya habari hizi ni mawili. La kwanza, tusimhesabu msichana kuwa mtu mzima kwa sababu amevunja ungo, wala tusimtwishe mvulana kazi ya watu wazima kwa sababu amekuwa na mabega mapana. Mwili uliotangulia haukuitangulia akili, na mtoto wa miaka 10 ni mtoto, hata awe mrefu kama mama yake. La pili, tuwaandikishe watoto wetu mara wazaliwapo, na cheti tukitunze. Huko Uingereza serikali ilianza kuandika vizazi mwaka ule ule wa 1837, na tangu hapo kila mtoto aliyeandikwa alikuwa na shahidi asiyehitaji kufunua kinywa. Karatasi moja iliyowekwa vema sandukuni yaweza kumkinga mtoto na ndoa ya mapema na kazi isiyomfaa.