Labda na Budi, Ndugu Waliopoteana

Jioni kituoni Bunju, mtu akiulizwa mwenzake yuko wapi hujibu bila kusita: "Lazima atakuwa amekwama Tegeta." Hajampigia simu, wala hana habari yoyote, anakisia. Wa pembeni yake akidakia, "Bila shaka kuna foleni," naye anakisia vilevile, ingawa maneno yake yanaikana shaka waziwazi.

Historia ya neno labda imejificha humo humo.

Asili yake ni Kiarabu, lā budda, yaani jambo lisiloepukika. Huko ni kauli ya uhakika kamili. Kwenye pwani yetu ikageuka kinyume chake, na A. C. Madan alipochapisha kamusi yake ya Kiswahili mjini Oxford mwaka 1903, labda lilikwisha kuwa neno la mtu asiye na hakika. La ajabu zaidi, budda ile ile iliingia pia kwa mlango wa pili, safari hii ikikanushwa kwa Kiswahili chenyewe: hapana budi, sina budi, hatuna budi. Humo uhakika haukupungua hata chembe. Ndiyo maana mtu anaweza kusema, "Labda hatuna budi kuhama," akawaweka ndugu hao wawili katika sentensi moja na asihisi mgongano wowote.

Wapo watakaodhani wahenga walisikia vibaya. Mazungumzo ya kituoni yanaonyesha njia ya kuaminika zaidi. Asiyeshuhudia jambo anapolitilia mkazo, msikilizaji hupokea makisio. Mazoea hayo yakidumu vizazi kadhaa, makisio ndiyo yanayobaki kuwa maana. Waingereza wamepita huko huko na no doubt yao: kwa maneno yenyewe ni "hapana shaka", lakini mara nyingi huitumia kwa jambo wanalodhani tu.

Neno pengine lilipita njia nyingine kabisa. Lilianza na mahali, pahali pengine, likahamia kwenye nyakati, ndipo likafika kwenye uwezekano. Neno huenda nalo limebeba kitenzi cha kwenda ndani yake.

Lazima, ambalo pia ni la Kiarabu, bado lina nguvu zake. "Lazima alipe" ni amri. "Lazima atakuwa amelipa" ni makisio. Kwa sasa kazi ya kulilegeza inafanywa na hilo "atakuwa" linalofuata.