Kitabu Hiki ni cha Nani? Vitabu vya Taaluma ya Ushairi wa Kiswahili na Wasomaji Wake, 1954–1988

Utangulizi

Idara za Kiswahili vyuoni zinapokaa kuteua vitabu vya kiada, maswali yanayoulizwa aghalabu ni matatu: mwandishi ni nani, kitabu kilipigwa chapa lini, na kinapatikana kwa bei gani. Swali la nne, ambalo kwa maoni yetu lingestahili kutangulia, huulizwa kwa nadra mno: kitabu hiki kiliandikwa kimsaidie nani, afanye kazi gani? Makala haya yanadhamiria kulishughulikia swali hilo kwa kuangalia historia ya vitabu vya taaluma ya ushairi wa Kiswahili kuanzia 1954 hadi 1988. Tumeuteua ushairi kwa sababu vitabu vyake vimezua ugomvi mkali, na kwa sababu ugomvi huo, tunavyouona sisi, ulitokana kwa kiasi kikubwa na kitabu cha msomaji mmoja kupimwa kwa kipimo cha msomaji mwingine.

Wasomaji tunaowakusudia ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mwanafunzi anayejifunza kulisoma shairi, kulieleza na kulihakiki. Wa pili ni mtu aliye kazini: mtunzi, mhariri wa ukurasa wa mashairi gazetini, na mwalimu ambaye kesho asubuhi atasimama mbele ya darasa. Mahitaji yao yanakaribiana, lakini si mamoja.

Ushairi kabla ya vitabu vya kiada

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu na 1840, hakuwa na kitabu cha kumfunza kutunga. Mtunzi wa zama zake alijifunza kwa sikio: alisikiliza, akajibizana na wenzake, akakosolewa papo kwa papo na watu waliojua. Hadhira ndiyo iliyokuwa mtahini. Mahali penye hadhira ya namna hiyo hapahitaji kitabu cha sheria, kwa kuwa sheria zimo masikioni mwa watu.

Hali ilibadilika ushairi ulipoingia gazetini. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka wa 1923, lilichapisha mashairi ya watunzi kutoka sehemu nyingi, wakiwemo watu wa bara ambao hawakulelewa katika majibizano ya mwambao. Mtunzi wa bara aliweza kuliona shairi kwenye karatasi, akalipenda na akataka kuliiga, bila ya kuwa na jirani wa kumwambia alipokosea. Hapo ndipo haja ya kitabu ilipozaliwa.

Yafaa tukumbuke pia kwamba wakati huo vitabu vya Kiswahili vilikuwa vimekwisha kuwa na mpimaji rasmi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka wa 1930 ikiwa na Frederick Johnson kama katibu wake wa kwanza, ilikuwa na jukumu la kusanifisha lugha na kuidhinisha vitabu vya shule. Kipimo chake kikuu kilikuwa usanifu wa lugha: tahajia, sarufi na msamiati. Kipimo hicho kilikuwa na faida yake, lakini kilituachia mazoea ambayo hayajatutoka hadi leo. Tumezoea kukiuliza kitabu kama kimesema kwa usahihi, bila ya kukiuliza kimesema na nani.

Amri Abedi na kitabu cha fundi

Mwaka wa 1954 kilitoka kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Abedi, aliyezaliwa Ujiji, alikuwa mtunzi na mwanachuoni wa dini ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa Dar es Salaam na waziri. Jina la kitabu linajieleza: ni sheria, na ni za kutunga. Hakikuahidi nadharia ya fasihi wala historia ya ushairi. Kiliahidi kumwonyesha mtu namna ya kutengeneza shairi litakalokubaliwa na watunzi wenzake. Kinafafanua vina, mizani na beti, na kinashikilia kwamba shairi ni wimbo, hivyo lisiloimbika limekosa maana yake ya kuwa shairi.

Tukikipima kitabu hiki kwa kazi kiliyojitwika, hatuna budi kukiri kwamba kilifaulu. Kijana aliyekuwa mbali na mwambao aliweza kukifungua, akahesabu mizani minane kwa minane katika mshororo, akaangalia kina cha kati na kina cha mwisho, akajua alipokosea kabla ya kutuma shairi lake gazetini. Mhariri naye alipata kipimo cha kuchujia makumi ya mashairi yaliyomfikia. Hiki kilikuwa kitabu cha fundi kwa mafundi, na fundi hutaka kanuni anayoweza kuitumia papo hapo.

Tatizo lilianza kitabu kilipohama mikono. Shule na vyuo vilipohitaji kufundisha ushairi wa Kiswahili kama somo, kitabu kilichokuwa karibu kilikuwa hiki. Kanuni iliyoandikwa kumwongoza anayetunga ikageuzwa kuwa fasili ya kumpimia anayesoma. Mtunzi akiambiwa atie vina, amepewa shauri la kazi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba pasipo vina hapana ushairi, amepewa hukumu juu ya tungo zote, zikiwemo ambazo mwandishi wa sheria hizo hakuwa amezisoma kwa kuwa zilikuwa bado hazijaandikwa.

Kunga na kitabu cha mhakiki

Tungo hizo zilikuja. Mwaka wa 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyotangaza waziwazi njia ya mashairi yasiyofungwa na vina na mizani. Mwaka uliotangulia Abdilatif Abdalla alikuwa ametoa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga kifungoni, ambayo yalidhihirisha kwamba arudhi ya mwambao ingali na nguvu ya kubeba dhiki na siasa za zama mpya. Mwanafunzi wa miaka hiyo alikuwa na diwani hizi mbili mkononi, na kitabu cha 1954 hakikumpa njia ya kuzisoma zote mbili. Hakikuwa na la kumwambia kuhusu Kezilahabi isipokuwa kwamba hakutunga mashairi. Kuhusu Abdalla kilikuwa na la kusema juu ya umbo, lakini hakikueleza kwa nini umbo lile linaumiza moyo wa msomaji.

Pengo hilo ndilo lililokabiliwa na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kilichotoka mwaka wa 1979. Waandishi hawa, ambao mwaka wa 1976 walikuwa wametoa Malenga wa Bara, walishikilia kwamba vina na mizani ni baadhi tu ya mapambo ya ushairi. Kwao kiini cha ushairi kimo katika mpangilio wa lugha teule, taswira na mapigo, unaoeleza wazo na kugusa hisi. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu hiki kilikuwa kitabu cha ukombozi, kwani kilimpa maswali ya kuliuliza shairi lolote.

Hata hivyo, tukikitia kitabu hicho mkononi mwa mhariri wa gazeti au mwalimu wa kidato cha pili, tunaona upungufu wa aina nyingine. Mhariri akiambiwa kwamba ushairi umo katika mapigo na taswira, bado hajui alichapishe shairi lipi kati ya arubaini yaliyo mezani pake. Mwalimu anakubali hoja, lakini hana zoezi la kumpa mtoto. Huo si upungufu wa fikra. Ni alama kwamba kitabu kiliandikiwa mhakiki.

Hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yetu, halijazingatiwa vya kutosha. Kitabu cha Abedi kina sheria na diwani ya mwandishi. Kitabu cha Mulokozi na Kahigi kina kunga na diwani ya waandishi. Jumanne Mayoka, alipoingia katika mjadala huo miaka ya 1980, naye alitoa Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Vitabu vitatu, na kila kimoja kimeandamana na diwani ya mwenyewe. Maana yake ni kwamba tulichokipokea kama kitabu cha kiada kilikuwa pia utetezi wa mtunzi kwa tungo zake. Hilo si kosa. Kosa ni letu sisi walimu tuliowapa wanafunzi maneno ya wakili tukidai ni maneno ya kadhi.

Mwaka wa 1988

Mwaka wa 1988 ulileta vitabu viwili vinavyosaidia kuona tofauti hii. F. E. M. K. Senkoro alitoa Ushairi: Nadharia na Tahakiki, ambacho tangu jina lake kinamtaja msomaji wake: anayetaka kuhakiki. Ibrahim Noor Shariff naye alitoa Tungo Zetu. Shariff alirudi kwenye istilahi za watunzi wa mwambao wenyewe, akasisitiza kwamba tungo ndilo jina la jumla, na kwamba shairi ni bahari mojawapo miongoni mwa bahari nyingi. Hoja hii ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa shairi ni jina la bahari moja yenye kanuni zake, basi mtunzi wa mwambao aliyesema kwamba utungo usio na vina si shairi alikuwa akisema ukweli mtupu kuhusu bahari hiyo. Mhakiki aliyesema kwamba ushairi si vina naye alikuwa akisema ukweli, ila alikuwa akizungumzia sanaa nzima. Waligombana kwa neno moja lenye maana mbili, na vitabu vya kiada vikaubeba ugomvi huo hadi darasani.

Darasani

Nchini Kenya mambo haya hayakubaki kuwa ya wataalamu. Ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, mfumo wa 8-4-4 ukaanza mwaka wa 1985, na mtihani wa KCSE ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989. Ghafla maelfu ya wanafunzi walihitaji kusoma ushairi, na walimu walihitaji vitabu vya kuwafunzia. Vitabu vilivyofuata, hasa vile vya kudurusu, viliumaliza mgogoro kwa njia ya mkato: shairi huru likapewa nafasi katika orodha, pamoja na tarbia, takhmisa, ukara, ukaraguni, msuko na kikwamba. Kila upande ukapata haki yake, na ushairi ukageuka kuwa orodha ya majina.

Madhara yake twayaona chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukuambia upesi kwamba shairi fulani ni ukaraguni kwa kuwa vina vyake hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Ukimwuliza mabadiliko hayo yanafanya nini katika shairi, hunyamaza. Aidha, istilahi zenyewe humtatiza: kitabu kimoja humfunza kibwagizo, kingine kiitikio, kingine mkarara, na hakuna hata kimoja kinachomwambia kwamba majina hayo hutumiwa na wengi kwa kitu kile kile.

Mwandishi wa makala haya hawezi kujitoa lawamani. Alipokuwa mwalimu mchanga katika shule ya upili, mwanafunzi mmoja alimletea shairi lisilo na vina kuhusu kifo cha nyanya yake. Kitabu kilichokuwa mezani kilisema shairi sharti liwe na vina na mizani, naye akampa alama mbili kwa ishirini. Mwanafunzi huyo hakuleta shairi jingine. Kitabu kile hakikuwa kibaya. Kilikuwa cha mtunzi wa gazeti, na mwalimu alikitumia kumpima mtoto aliyekuwa akiomboleza.

Vipimo tunavyopendekeza

Kutokana na historia hii, tunapendekeza vipimo vinne. Kwanza, kitabu kihukumiwe kwa ahadi yake: kinadai kufunza kutunga, kufunza kuhakiki, au kueleza historia? Pili, itazamwe mifano yake. Kitabu cha mwanafunzi kiwe na mifano inayoipinga kanuni pamoja na ile inayoithibitisha, ilhali kitabu cha mtu wa kazini kinaweza kutosheka na mfano bora wa kufuatwa. Tatu, zitazamwe istilahi: je, mwandishi anakiri kwamba wengine huliita jambo hilo kwa jina jingine? Nne, iulizwe kama mwandishi ana shauri lake mwenyewe katika mjadala. Akiwa nalo, kitabu kisomwe, lakini kisomwe pamoja na cha mpinzani wake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mgogoro wa ushairi ulikuwa, pamoja na mambo mengine, mgogoro wa vitabu na wasomaji wake. Sheria za Abedi na Kunga za Mulokozi na Kahigi ni vitabu vyema vyote viwili, na hakuna kinachoweza kushika nafasi ya mwenzake. Mwalimu mtarajiwa anavihitaji vyote: cha kwanza ili aweze kumwonyesha mtoto namna mshororo unavyojengwa, na cha pili ili asije akamwambia mtoto aliyeleta kilio chake kwamba hakuleta shairi. Idara inayoteua kimoja na kukiacha kingine huwa imemwandaa mwalimu nusu, na nusu iliyokosekana hulipwa na mwanafunzi.